Tawakali ya mzazi na fomu ya upasuaji

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee mmoja tunayeswali naye hapa Songea mjini alinishika mkono akanivuta pembeni. "Mwanangu, nasikia unampeleka mtoto Dar akapasuliwe moyo. Kwani kombe limeshindikana? Hivi humtegemei Mwenyezi Mungu?" Hakuuliza kwa ubaya. Ni mtu anayetupenda, na binti yangu humwita babu. Lakini swali lile nimetembea nalo wiki nzima.

Binti yangu ana miaka minne. Alipokuwa mchanga alikuwa akinyonya huku anatokwa jasho kama mtu aliyepanda Matogoro, na kila baridi ya Juni ilipoingia kifua kilimbana. Tukadhani ni nimonia tu. Baadaye kipimo kikaonyesha tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Sasa tumepangiwa tarehe katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili. Kabla ya taasisi hiyo kuanzishwa mwaka 2015, wagonjwa wengi wa namna hii ilibidi wapelekwe India. Sisi tuna kilomita zaidi ya 900 za basi, na mahindi niliyouza yametosha nauli na kujikimu. Alhamdulillahi.

Ndugu msomaji, kumjibu mzee haikuwa vigumu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ndiyo ategemee. Nabii Ya'qub (a.s.) aliwausia wanawe waingie mjini kwa milango mbalimbali, na papo hapo akakiri kwamba hawezi kuwakinga na lolote alilokwisha kulipitisha Mola. Sayyidna Umar (r.a.) alipogeuza safari ya Sham kwa sababu ya tauni aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu kuwa ndiyo, anaikimbia kuelekea kadari Yake nyingine. Na tusisahau kwamba Ibn al-Nafis, tabibu aliyefariki Cairo mwaka 1288, ambaye pia alikuwa mwanachuoni wa fiqhi ya Kishafii, madhehebu ya wengi wetu, ndiye aliyeeleza jinsi damu inavyopitia mapafuni. Alimpinga Galen kwa kushikilia kuwa ukuta ule wa moyo hauna vitundu. Wa binti yangu unalo.

Basi kwa upande huo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu uko pengine.

Urwa bin Zubayr alipokatwa mguu uliooza, alikubali yeye mwenyewe, na mguu ulikuwa wake. Nabii Ibrahim (a.s.), pamoja na kuwa ameamrishwa, alimtaka mwanawe aseme anaonaje. Mimi nitatakiwa kutia saini fomu inayosema nimeelezwa hatari zote na nimeridhia. Daktari, mtu mpole na mkweli, alisema watoto wengi hupona, ila hawezi kuniahidi. Kuridhia hatari ya mwili wangu ni jambo ninalolielewa. Lakini huyu ni amana. Nani amenipa mamlaka ya kuridhia kwa niaba yake?

Nilijaribu kumuuliza. Nilimwambia atachomwa sindano, atalala, kisha madaktari watautengeneza moyo. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Baba, na wewe utalala?"

Mwezi Machi 1954, huko Minnesota, Marekani, alikuwapo baba aliyelala. Daktari Walton Lillehei alikuwa anaziba tundu kama hili katika moyo wa mtoto, na alikuwa hatumii mashine ya moyo na mapafu. Akamlaza baba kando ya mwanawe, akawaunganisha kwa mipira, moyo na mapafu ya baba yakafanya kazi ya watu wawili. Tundu likazibwa. Mtoto akafariki siku chache baadaye kwa nimonia. Nakiri kwamba nilimwonea wivu baba yule, pamoja na msiba wake. Leo kazi hiyo inafanywa na mashine, baba anakaa kwenye benchi.

Kilichonifanya nikubali ni jambo ambalo mzee wangu hakulijua. Tundu kubwa likiachwa, damu nyingi kupita kiasi inakwenda mapafuni, mishipa inazidi kuwa migumu, na mwisho hufika mahali ambapo upasuaji hauwezekani tena. Maana yake nikikaa nyumbani nitakuwa nimeridhia hatari pia, ila hakuna atakayeniletea fomu. Walii wa mtoto hana pa kujificha asiamue. Sina uhakika kama hili linanipa haki ninayoitafuta, lakini linaniondolea kisingizio.

Kuna jingine, nalo limeniaibisha. Mama yake huamka usiku kuswali, na humwomba Mwenyezi Mungu uhai wa mwanawe waziwazi, bila sharti. Nikamnasihi aongeze "kama ni kheri", nikiona hiyo ndiyo adabu. Akanijibu kwamba ya kheri ni istikhara, na istikhara tulishaswali, sasa anaomba. Nikakumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) alitukataza kuomba huku tukisema "ukitaka", akatuamuru tuombe kwa kuazimia. Kumbe ile adabu yangu ilikuwa woga. Nilikuwa najiwekea akiba, ili likitokea la kutokea niseme sikuwa nimetarajia sana. Yeye hakujiwekea kitu. Nabii Ya'qub alilia hadi macho yake yakawa meupe, na Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho. Sijui ni nani aliyetufundisha kuwa mwenye imani haonyeshi kwamba anataka.

Jana jioni mzee amepita nyumbani. Ameleta kichupa cha zamzam na sweta la mtoto, kwa ajili ya baridi ya Makambako. Hakurudia swali lake. Ameuliza tu basi linaondoka saa ngapi Jumatatu, nikamwambia saa kumi na moja alfajiri. Amesema atakuwapo stendi.