Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kuitumia kumkemea mvivu. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba amri iliyomo haikuelekezwa kwa mgeni, bali kwa mwenyeji. Yeye ndiye aliyeagizwa kutoa jembe.

Basi na tumtazame kijana wa Nyarubungo, katika nchi hii ya Ngara na Biharamulo. Amemaliza shule, amekosa nafasi ya kuendelea, na shamba la baba limekwisha gawanywa kwa kaka zake. Sasa hushinda kando ya barabara. Je, huyu ni mvivu, au ni mtu asiyepewa jembe?

Taifa letu limelijibu swali hili kwa namna mbalimbali. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu ya msingi iwe elimu kamili, wala isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu hiyo kwa wote. Lakini nafasi za sekondari zilibaki chache, na wengi waliohitimu darasa la saba hawakuuona mlango wa pili. Kisha ikaja Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Wasio na kazi mijini walikamatwa wakapelekwa mashambani, na wengi wakarejea walikotoka. Hatusemi kwamba nia ilikuwa mbaya, kwani utu bila kazi hunyauka. Twasema kwamba lilihesabiwa deni la kijana, likasahauliwa deni la jamii.

Baadaye hesabu ilianza kusahihishwa. Mwaka 1994 iliundwa mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mwaka 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa. Mwaka 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya uzazi waliruhusiwa kurudi shuleni. Nayo sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Hata hivyo, mkopo bila ujuzi ni jembe lisilo na mpini, na ujuzi bila mtaji ni mpini usio na jembe.

Ardhi ya Ngara ina nikeli huko Kabanga. Maporomoko ya Rusumo yanatoa umeme ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana. Mwana wa hapa atashika zana ya fundi, au atasimama nje ya uzio akitazama? Jibu linategemea anachofundishwa leo.

Kijana naye ana wajibu wake, maana jembe halilimi lenyewe. Lakini haki ina utaratibu: kwanza tumpe, ndipo tumdai. Tena yeye si mgeni. Ni mwana wa nyumba. Enyi walimu, mnapoifundisha methali hii, msiishie kumwuliza mwanafunzi kama yu tayari kulima. Mwacheni naye atuulize jembe liko wapi.