Anayeondoka na Yule Anayebaki Nyumbani



Likizo iliyopita niliombwa niongee na VIWAWA wa kigango kimoja huku kwetu Kyerwa. Mada ilikuwa miito. Nilijiandaa vizuri, nikaongea juu ya upadre, utawa na ndoa, nikakaa chini nikidhani nimemaliza kazi. Ukafika muda wa maswali. Dada mmoja akasimama: "Frateri, shangazi yangu yuko Mwanza, anataka niende nikamsaidie dukani, atanilipa. Lakini nyumbani tumebaki mimi na bibi tu. Niende au nibaki? Mapenzi ya Mungu ni yapi hapo?"

Nilimwambia asali sana. Jibu hilo si baya, lakini siku ile lilikuwa jibu la mtu asiye na jibu. Wengi wenu mna swali kama lake. Mnasimama pale Omurushaka au Nkwenda na begi, mnasubiri gari, na moyo haujatulia. Kwa hiyo leo najaribu kumjibu tena, na ninyi mkiwepo.

Nianze na utafiti, kwa sababu kumbe swali hili limeshafanyiwa utafiti mkubwa, na limefanyiwa hapa hapa Kagera.

Mnajua kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani kwetu mwaka 1983. Wazazi wetu wanaikumbuka miaka ile ya mazishi juu ya mazishi. Basi kati ya 1991 na 1994, watafiti wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifuatilia kaya 915 za mkoa huu, Karagwe ikiwemo (Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe), wapate kujua familia ikifiwa na mtu mzima inaishije. Mwaka 2004 walirudi, na mwaka 2010 wakarudi tena. Hawakuishia kuwahoji wale waliowakuta nyumbani. Mtoto aliyekuwa amehamia Mwanza, Dar es Salaam au hata Uganda, walimtafuta huko huko aliko wakamhoji. Kazi hiyo ni ngumu, na ndiyo maana wachumi wa dunia nzima wanaijua Kagera, ingawa sisi wenyewe wengi hatujui kwamba tunajulikana.

Mwaka 2011 Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walichapisha walichokiona. Walilinganisha watu waliotoka katika kaya moja: waliokula chungu kimoja mwanzoni mwa miaka ya 1990, halafu mmoja akahama na mwingine akabaki. Hadi mwaka 2004 maisha ya wote wawili kwa wastani yalikuwa yamepanda. Lakini ukuaji wa matumizi ya aliyehama, yaani chakula na mahitaji mengine anayoweza kuyapata, ulizidi ule wa aliyebaki kwa pointi 36 za asilimia. Hiyo si tofauti ndogo. Ni tofauti ya mtu anayewaza ada na mtu anayewaza chumvi.

Sasa mtu atasema: "Basi Frateri, jibu si hilo? Utafiti umesema tuondoke."

Hapana, haujasema hivyo. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, alikuwa mkali sana kwa imani yetu, lakini jambo hili aliliona vizuri. Alisema waandishi wengi huanza kwa kueleza mambo yalivyo, halafu ghafla unakuta wanakwambia yanavyopaswa kuwa, bila kukuonyesha wamevuka mto kwa daraja gani. Utafiti unaniambia kilichowapata walioondoka. Hauniambii mimi nina wajibu gani kwa bibi. Ulipima matumizi, na kazi hiyo uliifanya vizuri. Haukupima ni nani aliyeamka usiku kumpa mgonjwa maji.

Lakini msiseme basi utafiti hauna maana kwa mtu anayesali. Mimi naona una kazi moja kubwa katika maisha ya kiroho: unatuondolea visingizio. Naviona viwili.

Kisingizio cha kwanza ni cha sisi tulioondoka. Tukirudi Krismasi na viatu vipya tunawaangalia waliobaki na kusema moyoni, "Hawa ni wavivu, ndiyo maana hawaendelei." Sasa angalia: watoto wa kaya moja, waliolelewa pamoja, na mahali alipoishia mtu peke yake kunaleta tofauti kubwa namna ile. Najua anayeondoka mara nyingine ana uthubutu zaidi, na kulinganisha ndugu hakumalizi swali hilo lote. Hata hivyo, yule kaka anayepalilia kibanja na kuanika kahawa tangu alfajiri anaweza kuwa anafanya kazi kuliko wewe na bado akapata kidogo kuliko wewe. Kumwita mvivu ni kumsingizia, na kusingizia ni dhambi ya kupeleka kwenye kitubio.

Kisingizio cha pili ndicho kilichonichoma. Joachim De Weerdt na Kalle Hirvonen walichukua takwimu za hadi 2010, wakati zaidi ya nusu ya watu wale walikuwa wameshahama ndani ya nchi. Wakauliza: nyumbani kukipata pigo, nani anabeba? Wakakuta waliohama wanawabeba walioko nyumbani. Ila walioko nyumbani hawawabebi waliohama wanapopata pigo wao. Msaada unakwenda upande mmoja. Halafu wakapiga hesabu ya gharama: kwa kuwasaidia wa nyumbani, waliohama wanapoteza asilimia 3 hadi 5 ya ukuaji wa matumizi yao. Basi. Watafiti wenyewe wanaona ni kidogo mno kuweza kumzuia mtu asiendelee.

Tatu hadi tano! Na sisi tunavyolalamika! "Ndugu wananimaliza." "Kila simu kutoka nyumbani ni shida." "Nitaendelea lini na mizigo hii?" Ni kweli huo ni wastani. Yuko kijana Dar anayelala na wenzake wanne chumba kimoja, na huyo hata asilimia moja inamuuma. Nyie mlioko nyumbani msifikiri kila aliyeko mjini anaokota hela. Lakini wengi wetu tunaosema ndugu wanaturudisha nyuma, ukweli ni kwamba hawaturudishi. Tumechoka tu kuombwa.

Ngoja niwaambie ilivyonipata mimi. Mwaka juzi mdogo wangu alinipigia simu. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Akasema mguu wa mama umevimba, inabidi apelekwe hospitali, na akaniomba nichangie hata nauli. Nilikuwa na shilingi 40,000 nilizopata kwa kufundisha watoto wakati wa likizo, na nilikuwa nimepanga kununua simu. Nikamjibu: "Dogo, mimi nimejitoa kwa Mungu, sina mshahara. Jitahidini." Akasema tu, "Sawa, Frateri." Nikaenda kusali masifu ya jioni kwa amani kabisa.

Miezi michache baadaye, nikiwa nasoma Marko sura ya 7, nikafika pale Yesu anapowakaripia Mafarisayo kwa ajili ya Korbani. Walikuwa na desturi: mtu akisema mali yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, alisamehewa kuwasaidia baba yake na mama yake. Yesu anawaambia wazi kwamba kwa desturi hiyo wanalitangua neno la Mungu. Nilifunga kitabu. Nilikuwa nimelisoma somo hilo mara nyingi nikidhani linawahusu wazee wa Yerusalemu wenye ndevu. Kumbe Korbani yangu ilikuwa shilingi 40,000, na kisingizio changu kilikuwa Mungu mwenyewe.

Niliporudi nyumbani nilikuta mbuzi hayupo. Mdogo wangu alikuwa amemuuza. Mguu wa mama ulikuwa umepona. Nilimwomba msamaha tukiwa tunakata majani ya migomba. Alikaa kimya kidogo, akasema: "Sikutaka hela tu, kaka. Nilitaka tuamue wote."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho takwimu hazikunionyesha. Wachumi wanasema msaada unakwenda upande mmoja, kutoka mjini kuja nyumbani. Kwa kipimo chao cha matumizi ni kweli. Lakini mimi ninaweza kukaa seminarini miaka yote hii kwa nini? Kwa sababu kuna mtu anayelala nyumba moja na mama. Kuna mtu anayehudhuria misiba kwa niaba yangu, analinda mpaka wa kibanja, anachuma kahawa mvua inaponyesha. Yeye alilipa mapema, tena kwa kitu kisichotumwa kwa simu. Uhuru wangu wa kuondoka aliugharimia yeye.

Kama ni hivyo, basi ninachotuma nyumbani nisikiite sadaka. Sadaka ninatoa katika kilicho changu. Hapa ninarudisha kilicho cha mwingine, na hiyo jina lake ni haki. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba upendo una utaratibu: tunawapenda wote, lakini hatudaiwi na wote sawasawa, na wazazi na ndugu wana dai lao la pekee kwetu. Na Katekisimu, namba 2218, inawakumbusha watoto waliokwisha kuwa watu wazima wajibu wao wa kuwategemeza wazazi kwa mali na kwa moyo, kadiri wanavyoweza, katika uzee, ugonjwa, upweke na dhiki. Haijasema "isipokuwa mafrateri". Haijasema "isipokuwa walioko Dar".

Mtu anaweza kuniuliza: mbona Yakobo na Yohane walimwacha baba yao Zebedayo ndani ya mashua wakamfuata Yesu? Ni kweli, waliondoka, na walifanya vizuri. Lakini Marko hakusahau kutuambia kwamba Zebedayo alibaki na watu wa mshahara. Mzee hakuachwa peke yake ziwani na nyavu. Halafu angalia mwisho. Pale chini ya msalaba yupo mwanafunzi mpendwa, ambaye mapokeo ya Kanisa yanasema ndiye Yohane yule yule. Yesu, akiwa katika maumivu makali, anamkabidhi mama yake, na yeye anampokea kwake. Bwana wetu aliyetuita tuache vyote hakumwacha mama yake bila mtu wa kumtunza.

Sasa nimrudie dada yangu wa VIWAWA.

Dada, kwenda Mwanza si dhambi. Abrahamu aliondoka kwao kwa wito wa Mungu, na utafiti unaonyesha kuna uwezekano mzuri maisha yako yakawa bora ukiondoka. Usiogope kutaka maisha bora. Na kubaki si kushindwa. Ukibaki, usikubali mtu yeyote akuite mjinga. Mimi sijui Mungu anakuita wapi. Ila kabla ya kumjibu shangazi, jiulize maswali haya, tena uyaulize kwa sauti mbele ya bibi na ndugu zako:

Nikiondoka, nani anabaki na bibi? Mtaje kwa jina. Usiseme "watu wapo".

Huyo anayebaki amekubali, au tumemwachia tu kwa sababu yupo?

Mimi nitabeba sehemu gani? Kiasi gani, kila lini, na wakati wa ugonjwa tutaamuaje pamoja?

Kama maswali hayo yana majibu, nenda kwa amani ukafanye kazi. Kama la kwanza halina jibu kabisa, basi pengine wito wako wa mwaka huu ni kukaa na bibi, na duka litasubiri. Hilo litauma, nami sitakudanganya kwamba haliumi.

Na wewe ambaye tayari uko mbali na unasoma haya kwenye simu: kuna mtu nyumbani aliyebaki ili wewe uende. Leo mpigie. Usianze na hela. Muulize siku yake ilikwendaje, na msikilize mpaka amalize. Halafu ndipo uulize kinachohitajika, muamue wote.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyemkabidhi mama yako kwa rafiki yako saa ya kufa kwako, utusamehe sisi tuliotumia jina lako kukwepa wajibu wetu. Uwabariki walioondoka Karagwe na Kyerwa, uwalinde njiani na kazini. Uwabariki waliobaki, uwape nguvu, usiwaache wajisikie peke yao. Amina.

Tuombeane.