Nani ana haki ya kuanguka?

Kuna methali tunayopenda kuambiana hapa Nakivale kila biashara ya mtu inapokufa: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni methali nzuri, na wengi imewainua. Lakini kuna jambo moja ambalo haisemi: hilo koleo la pili mhunzi analitoa wapi? Kama hana pa kulitoa, basi kwake yeye uhunzi umekwisha, hata awe na moyo wa simba.

Swali langu ni hilo. Mtu akianza jambo jipya na kushindwa, au akiogopa hata kuanza, sisi haraka tunasema: hana ujasiri. Je, tunampima kwa haki? Nitachukua mfano wa mbali kidogo, mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho. Nimeuchagua kwa sababu anayeanza mchezo huo kazi yake kubwa ni kuanguka.

Unaitwa wingifoili. Nimeujua kupitia dada mmoja wa shirika, aliyekwenda likizo Paje, kule Zanzibar, akarudi na video kwenye simu na mikwaruzo magotini. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Mchezaji anasimama juu ya ubao, mikononi ameshika bawa la kitambaa lililojazwa hewa kwa pampu. Bawa hilo halifungwi kwenye ubao kama tanga la ngalawa, linashikwa tu. Chini ya ubao kuna nguzo nyembamba inayozama majini, sentimita 75 hivi, na mwisho wake kuna vibawa kama vya ndege ndogo. Hiyo ndiyo foili. Ubao ukipata mwendo, maji yanayopita kwenye vibawa hivyo yanauinua, kama hewa inavyoinua ndege, na mtu anaonekana anaelea juu ya bahari bila kelele. Ni mchezo mchanga, mabawa haya yalianza kuuzwa madukani karibu mwaka 2019.

Ukiangalia video ya waliozoea utadhani ni uchawi. Anayeanza ni habari nyingine. Ubao unainuka, anashtuka, anaegemea nyuma, foili inachomoka majini, na yeye chubwi! Anapanda tena kwa magoti, anasimama, chubwi! Ni hivyo asubuhi nzima.

Sasa angalieni kilichopangwa kabla ya kuanguka huko. Kwanza anajifunza kushika bawa mchangani, kabla ya kugusa maji. Ubao wa kuanzia ni mkubwa: mtu wa kilo 70 anapewa wa lita 110 au zaidi, ili umbebe hata akiwa amesimama bila mwendo. Foili yake ina vibawa vipana vinavyoinuka hata kwa mwendo mdogo. Amevaa kofia ngumu na jaketi la kuelea, maana foili ina kingo kali. Kamba moja inamfunga na ubao, nyingine inamfunga na bawa. Kina cha maji kinapita urefu wa foili, isigonge chini. Paje hupata kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia Desemba, lakini mwalimu hakubali kila upepo. Hataki umande, yaani upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini, kwa sababu humchukua mgeni na kumpeleka asikotaka. Anataka upepo ambao ukikushinda utakurudisha ufukweni.

Dada yule aliniambia, "Watu wanasema mimi ni jasiri." Sikatai, ujasiri anao. Ila nikipima, naona ujasiri wake ni kijiko kimoja, na maandalizi ni sufuria nzima.

Na jambo hili si la watalii peke yao. Kwetu Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, mtoto wa mvuvi hakupelekwa kuvua ndagala usiku siku ya kwanza. Alipewa kasia mchana, karibu na ufuko. Mtumbwi ukipinduka, mjomba yuko pale, maji yanamfika kiunoni, anacheka. Wale wavuvi tuliowaita majasiri walikuwa kwanza watoto waliopinduka mara nyingi mahali ambapo kupinduka hakuui.

Kwa hiyo nasema hivi: haki ya kuanguka ni mali, kama shamba lilivyo mali. Wengine wameirithi, wengine wanaweza kuinunua, wengine wameikosa. Na asiye nayo tusimwite mwoga.

Tuje kambini. Mtu anapata mafunzo ya siku tano, cheti, na mtaji mara moja. Akianguka, jina lake linatoka kwenye orodha, na ripoti inaandika kwamba hakufanikiwa. Ndiyo maana wengi wakipewa mtaji wanafungua duka lile lile la chumvi, sabuni na vocha ambalo jirani analo tayari. Wageni wanasema, eti hawa hawana ubunifu. Kumbe wamepiga hesabu. Mtu asiye na kamba haendi mbali na ufuko, na akili yake ni timamu kabisa.

Wapo wanaonipinga kwa kutusifu: "Lakini ninyi mlikimbia usiku, mkaanza maisha bila chochote, na mkaweza!" Sifa hiyo inaniuma kidogo. Kutupwa majini si kujifunza kuogelea. Sisi tuliofika ndio tunaoulizwa maswali na kupigwa picha. Wasiofika hawana wa kuwauliza.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na limo ndani ya kikundi chetu cha akiba. Tuko watu 25. Tulimkopesha mama mmoja shilingi 400,000 atengeneze sabuni. Akanunua mawese, kostiki soda, ndoo na vibao vya kumimina. Sabuni ilitoka nzuri, hakuna anayebisha. Lakini aliuza kwa deni, na hela ya chakula ilipochelewa, wateja wakakosa cha kumlipa. Biashara ikafa. Amekuwa akifua nguo za watu na kulipa kidogo kidogo, bado 100,000. Sasa anaomba mkopo mwingine.

Kikaoni mzee mmoja alisimama akasema, "Hiyo kamba mnayotaka kumfunga huyu mama ni hela yangu. Niliipata kwa kubeba matofali." Bon, amesema kweli. Kule Paje, anayeanguka ndiye anayelipia masomo yake. Kwetu tunalipa wote, na kila mmoja wetu yuko karibu na kuanguka yeye mwenyewe. Nikimpa mama nafasi yake ya pili, huenda nimemla mtu mwingine nafasi yake ya kwanza.

Ugumu huo siwezi kuufuta. Lakini kuna mambo mawili nayachukua kutoka majini.

La kwanza: mwalimu hahesabu umeanguka mara ngapi. Anauliza, ulipoanguka uzito wako ulikuwa wapi? Kama ulikuwa mguu wa nyuma, sasa egemea wa mbele. Anayejibu "ni upepo tu" bado yuko pale pale. Anayeweza kusema uzito wake ulikuwa wapi, huyo si mtu yule wa jana. Mama tulimuuliza. Akajibu, "Mzigo wote niliuweka kwa watu wa deni. Safari hii nauza kwa taslimu, hata kama ni vipande kumi kwa siku."

La pili: huko hufundishwi kutoanguka. Unafundishwa kuangukia mbali na foili, isikukate. Kwetu maana yake ni mkopo mdogo, ambao ukipotea haumkati yeye wala kikundi.

Ninyi wenzetu wa mashirika mnaosoma hapa, nawaomba mfikirie jambo moja. Badala ya kuwapa watu mia nafasi moja kila mtu, je, ingekuwaje kuwapa hamsini nafasi mbili? Najua hamsini watakaobaki nje ni majirani zangu, na pengine mimi nitakuwa mmoja wao. Nikibaki nje nitalalamika kama wengine. Hata hivyo naona ni afadhali hivyo kuliko kuwatupa watu mia kwenye umande na kuandika ni wangapi walirudi.

Jumamosi tunapiga kura. Mzee ameshasema hapana, na namheshimu. Mimi nitapendekeza mama apewe 150,000. Zikipotea zote, ile 100,000 ya zamani na hii mpya, tukigawana sawa fungu langu la hasara ni shilingi 10,000. Kwangu hiyo ni maharage ya siku kadhaa, na mke wangu nimeshamwambia.