Mlangoni pa Baa

Kila mtu hufika siku moja mbele ya mlango ambao hapana mtu wa kumwamuru aingie, wala wa kumzuia asiingie. Mlango huo ni mtihani wa utu wake. Katika mji wa Lodwar mlango wa namna hiyo ni mlango wa baa. Jua likisha kuzama na joto kupungua, taa huwashwa, muziki huanza, na viti hutolewa nje. Mpita njia huulizwa na nafsi yake: niingie, au nipite?

Wako wasemao kuwa hili si swali. Kwa Mwislamu mwenye kushika dini yake pombe ni haramu, na yako madhehebu ya Kikristo yanayoikataza vile vile. Kwa kijana, serikali imekwisha kujibu: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa pombe. Lakini ujana haudumu. Siku atakapotimiza umri, sheria itamwachia mkono, na hapo atahitaji akili yake mwenyewe. Insha hii yaandikwa kwa ajili ya siku hiyo.

Tuanze na haki ya mwenye kuingia. Mtu haendi baa kwa kiu tu, maana kiu hutulizwa na maji. Waturkana tangu zamani wana mti wa wanaume, kivuli ambacho wazee hukutana chini yake wakazungumza habari za malisho, mifugo na amani. Mtu wa mjini, hasa mgeni aliyeletwa Lodwar na kazi, hana mti huo. Chumba chake ni cha mabati, joto lake ni la tanuri, na jamaa zake wako mbali. Anatafuta sauti za watu. Kumwita mwovu kwa sababu anatafuta wenziwe ni kumdhulumu.

Hata hivyo, mti na baa si kitu kimoja. Chini ya mti mzee huketi mbele ya macho ya watu, na neno lake la leo litakumbukwa kesho. Katika baa neno la usiku husahauliwa asubuhi, na kila saa ya mazungumzo ina bei yake.

Sasa tusikilize haki ya mwenye kupita. Fikiri juu ya debe moja la mtama. Mtama huo waweza kuwa uji wa watoto, na waweza kuwa busaa. Katika nchi ambayo ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi, nafaka si kitu cha kuchezea. Yuko mama apikaye busaa ili alipe karo ya mwanawe, na yuko baba anywaye karo ya mwanawe. Shilingi moja hutoka katika karo ya nyumba hii ikaingia katika karo ya nyumba ile. Ni nani kati yetu awezaye kumhukumu mama huyo kabla hajampa kazi nyingine? Tena pombe haramu huua. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya, zikiwamo Embu na Kiambu, kwa kunywa pombe iliyotiwa sumu.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alifundisha kuwa wema hukaa katikati ya kuzidi na kupungua. Wanywaji wengi hulipenda fundisho hilo. Lakini alifundisha pia kuwa tabia ya mtu hujengwa na matendo yanayorudiwa, na hili hawalitaji. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Bilauri ya kwanza mtu huichagua yeye. Ya mia humchagua mtu.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi mwalimu mwenzangu alinialika baa. Nilikataa, nikajisifu moyoni. Baada ya siku chache nilijua ya kuwa alikuwa amefiwa na kaka yake, na hakuwa na mtu wa kumweleza. Nililinda jina langu nikamwacha ndugu peke yake. Mwezi uliofuata nilikwenda naye. Nilikunywa soda, nikamsikiliza, na saa mbili tukatoka wote wawili. Mwanafunzi wangu mmoja alituona mlangoni. Kesho yake darasani macho yake yaliniuliza swali ambalo adabu ilimzuia kulitamka. Bila kutaja msiba wa mwenzangu, niliwaeleza wanafunzi nilikokwenda, nilichokunywa na kilichonipeleka. Niliona haya, lakini niliweza kusema. Kama nisingaliweza kusema, nisingalipaswa kuingia.

Tangu siku hiyo najiuliza maswali matatu. La kwanza: nafuata nini? Nikiwa nafuata watu, labda wako mahali pengine. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, Wahabeshi wana migahawa ambamo kahawa hunywewa taratibu, na wakimbizi na wenyeji huketi pamoja wasipotewe na akili wala heshima. La pili: nani atakosa kwa sababu ya kile nitakachotumia? La tatu: je, nitaweza kumweleza mwanangu kesho?

Mwenye kuyajibu matatu haya kwa kweli, akipita hapiti kwa kiburi, na akiingia haingii kwa kuburutwa. Mwenye kuyakwepa ni mtumwa, hata akilala nyumbani kwake kila usiku. Mlango wa baa una bawaba za kuufungua na kuufunga. Uungwana wa mtu ni kuwa na bawaba zake mwenyewe.