Jina Kwenye Daftari la Gesti

Ukifika gesti yoyote, iwe hapa kwetu Matai au Tanga mjini, kabla ya ufunguo unapewa daftari. Jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Wengi tunanung'unika kwamba ni usumbufu. Hebu leo tulitazame daftari hilo kwa jicho jingine.

Twende Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, shamba la mkonge la miaka mingi linaloshuka kuelekea bahari. Ufukweni siku hizi zipo nyumba za wageni za familia: baba anapokea wageni, mama anasimamia jiko, kijana wao anabeba mabegi. Mgeni anakula samaki, anapunga upepo, anafurahia kulala mahali penye historia.

Historia gani? Ile tunayosimuliwa kila siku huanza na miche. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapona 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Kisha tunarukia mwaka 1964, Tanzania ilipotoa tani zipatazo 230,000. Sawa. Lakini jamani, nani alikata?

Walikata watu wa bara, na Wafipa wakiwamo. Kodi ya Mwingereza ilidai fedha, na fedha huku Ufipa haikuwapo. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo chao cha kuandikisha vibarua, malori yakaanza kuwasomba. Babu yangu alipanda mojawapo. Alipewa kipande cha siku 30 za kazi, akapewa na namba; ndiyo maana wakaitwa manamba. Namba yake aliikumbuka mpaka uzeeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Babu alipewa panga siku ya kwanza.

Je, ni dhambi basi kustarehe mahali kama pale? Wapo watakaosema ndiyo, yafungwe. Mimi nasema hapana. Familia inayotandika vitanda leo haikumpa babu yangu namba, na gesti ikifungwa, mpishi na dobi watakosa mkate bila marehemu yeyote kufaidika.

Wengine watasema: yaliyopita si ndwele, acha watu wapumzike. Hapo pia nakataa. Ukiuza chumba tu, uza chumba. Lakini ukiuza historia, umekwisha kuwa mfanyabiashara wa historia, na mfanyabiashara ana wajibu wa kipimo. Hapa Matai tunamjua mlanguzi anayetanua debe lake ili apate mahindi yetu kwa hila. Kumtaja Hindorf na kumwacha mkataji ni debe lililotanuliwa. Hakuna uongo uliosemwa, lakini mtu kapunjwa.

Nadhani haki ya marehemu ni ndogo kuliko tunavyodhani, na kwa hiyo haina kisingizio. Hawezi tena kulipwa ujira. Hawezi kuombwa radhi akasikia. Kilichobaki ni jina. Mtu anayelala siku mbili anaandikwa jina, kabila na atokako. Aliyekata mkonge miaka mitatu akaachwa kama tarakimu! Tofauti hiyo haihitaji serikali kuiondoa. Wazee waliobaki katika kambi za zamani wapo, na watoto wao wapo. Mwenye gesti akawaulize, aandike majina ukutani, pale anapotundika picha za mashua na machweo. Gharama yake ni rangi kopo moja.

Nanyi waandishi wenzangu mnaosaka visa vya mapenzi ya mjini, mzigo huu ni wetu pia. Mwenye gesti ataandika jina gani kama sisi wa bara hatukumpelekea? Wazee wanakwisha, bwana. Nenda kamuulize babu yako alikata shamba gani, alilala na nani kambini, waliitwa nani. Andika majina kwanza. Riwaya itafuata.