Zaburi, Tenzi na Wimbo wa Kilio

Masomo: Waefeso 5:19, 2 Samweli 1:17–27, Yeremia 9:17–20



Jumapili mbili zilizopita tulifanya kosa mbele ya kusanyiko, na kwa kuwa tulilifanya hadharani, tunaliungama hadharani. Wakati wa shuhuda mama mmoja alisimama akaanza kuimba kwa Kimakonde, polepole, akiwataja kwa majina watoto wake wawili ambao hawakufika hapa. Kabla hajamaliza, sisi tuliokuwa mbele tukawapa ishara vijana wa kwaya. Ngoma ikalia, pambio la furaha likapanda, mama akaketi. Baada ya ibada mzee mmoja alitupongeza kwamba tumeiokoa ibada. Usiku ule hatukupata usingizi.

Kwa hiyo mwezi huu tuseme habari za nyimbo na majina yake.

Paulo akiwaandikia Waefeso, na vilevile Wakolosai (3:16), anataja aina tatu: zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni. Chuo cha Biblia tulifundishwa kuzitofautisha. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa zaburi linatokana na kupiga nyuzi za kinubi. Tenzi hapo ni wimbo wa kumsifu Mungu. Wimbo ni jina la jumla, la chochote kinachoimbwa, ndiyo maana Paulo akaona aseme ni nyimbo za namna gani. Lakini mipaka si mikali: katika tafsiri ya kale ya Kigiriki, kichwa cha Zaburi ya 76 kina maneno yote matatu pamoja.

Waliotafsiri kwa Kiswahili walitumia maneno yaliyokuwako tayari pwani. Zaburi limetoka Kiarabu. Utenzi ulikuwa na umbo lake tangu zamani, beti za mistari minne, mizani nane kila mstari, kama Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728. Tenzi zetu za kanisani hazifuati umbo hilo, wala si dhambi. Na pambio halimo katika orodha ya Paulo. Ni jina letu la wimbo mfupi unaorudiwarudiwa, nasi tunalipenda kwa kuwa halihitaji kitabu. Vitabu viliungua au vilibaki njiani, na spika ya kwaya ilibaki Palma, Machi 2021. Mapambio tulikuja nayo kichwani.

Waebrania walikuwa na majina mengi zaidi, nayo yameandikwa juu ya zaburi zenyewe, pale ambapo wengi wetu huruka tukisoma. Kuna mizmori, wimbo wa kuimbwa kwa kinubi. Kuna tefila, yaani sala. Kuna tehila, yaani sifa, na ajabu ni kwamba jina hilo limewekwa juu ya Zaburi ya 145 peke yake, ingawa Wayahudi hukiita kitabu kizima kwa jina hilo. Zaburi ya 120 hadi ya 134 ni nyimbo za kupanda, ambazo wengi husema ni za wasafiri waendao Yerusalemu. Kuna miktamu, ambayo maana yake wataalamu wanabishania hadi leo, tuwaachie wao. Sisi tutazame tu kwamba miktamu ya Zaburi ya 57 inatajwa kuwa ya Daudi alipomkimbia Sauli akajificha pangoni.

Na kuna kina. Si kina cha mashairi yetu. Ni neno la Kiebrania, maana yake wimbo wa kilio. Mwendo wake mara nyingi ni mapigo matatu, kisha mawili, hata mstari unakatika kabla ya kutimia, kama mtu anayechechemea. Ndio mwendo wa sehemu kubwa ya kitabu cha Maombolezo, ambacho sura zake nne za kwanza zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania. Aliyekiandika alilia, lakini alilia kwa utaratibu, herufi baada ya herufi.

Daudi aliimba wimbo wa namna hii kwa ajili ya Sauli na Yonathani. Aliwataja kwa majina, kama yule mama alivyofanya, tena akaagiza wana wa Yuda wafundishwe wimbo huo. Katika Yeremia, Bwana mwenyewe anaamuru waitwe wanawake waombolezaji, nao wawafundishe binti zao kulia. Sisi tuliomkatiza mama yule tulikuwa tukilipinga andiko tunalolihubiri.

Wako watakaosema Paulo aliwaambia Wathesalonike wasihuzunike. Someni vizuri (1 Wathesalonike 4:13): alikataza huzuni ya wasio na tumaini. Wengine wanaogopa mila, na hofu yao tunaielewa. Maneno yanayoita mizimu tutayaacha. Lakini jina la mtoto si mzimu.

Wazazi wetu waliovuka Ruvuma miaka ya 1960 wakaishi kambini Rutamba, huko Lindi, walirudi baada ya uhuru wa 1975 na nyimbo za Kiswahili, nazo ndizo tunazoimba mpaka leo. Kilio walikiimba kwa lugha ya nyumbani, nje ya kanisa. Tangu Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, kilio kimeongezeka, na bado tumekiacha nje.

Tulikwenda kwa mama yule kuomba msamaha. Alitukaribisha, akatandika kapulana tukae. Akasema, "Mchungaji, makaburi yao hayapo. Nilitaka wimbo tu."

Basi Jumapili ijayo, baada ya kusoma Zaburi ya 88 na kabla ya sadaka, mama ataimba mpaka mwisho. Ngoma zitanyamaza. Mwenye jina la kutajwa alitaje kwa lugha yake, Kimakonde, Kimakua, Kimwani au Kiswahili, nasi hatutamhimiza amalize. Vijana wa kwaya tunawaomba wafike Alhamisi saa kumi jioni, chini ya mwembe, mama awafundishe kiitikio.