ASIMAMAYE PENYE MIZANI

Wazee wa Bariadi wayajua sana mambo ya mizani, maana nchi yao ni nchi ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, wakichoka kupunjwa, waliweka watu wao wasimame penye mizani ya wanunuzi na kuhakikisha uzito. Watu hao walikuwa upande wa mkulima. Je, kama mizani ingemzidishia mkulima, ingewapasa kunyamaza?

Swali hili humrudia kila Mkristo anayetumwa na chama chake kuwa wakala katika kituo cha kupigia kura. Mwaka 2005 na 2010 Bariadi Mashariki ilichagua mbunge wa UDP, ikikiacha CCM. Basi katika usharika mmoja waweza kuwapo mawakala wa vyama viwili, nao hushiriki meza moja ya Bwana.

Kazi ya wakala ni kuangalia mtu asipige kura kwa jina la mwingine, kulinda haki ya mgombea wake kura zinapohesabiwa, na kushirikiana na msimamizi wa kituo. Asimwamuru msimamizi, wala asimshawishi mpiga kura. Mtazamaji hana upande. Yeye huona na kuandika. Na yule aliyezunguka vijijini akiomba kura, siku ile kazi yake imekwisha. Na aziache nyumbani alama za chama chake.

Wengine husema: “Wakala ni mtu wa chama. Makosa ya wenzake ayafiche, ya wengine ayafichue. Kila upande una mtu wake.” Neno hili lina sura ya haki, kwani kweli hakutumwa kuwatetea wapinzani. Lakini haki ya mgombea ni ipi? Ni kuhesabiwa kura alizopewa. Kura asizopewa si haki yake, wala hakuna awezaye kutumwa kuzilinda. Tena amri ya nane haikuuliza jirani yetu ni wa chama gani.

Tazameni jambo moja. Bibi asiyeona huruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini, amsaidie kupiga kura. Mara nyingi ni mjukuu. Labda kijana huyo amemwombea kura mgombea wake siku nyingi. Sasa bibi amtajia jina la mwingine. Kalamu i mkononi mwa kijana, wala hakuna wakala aionaye karatasi. Akiandika vingine, amemwibia bibi yake neno lake, naye bibi hatajua kamwe.

Uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 2010 uliangukia siku ya Bwana, nayo ni tarehe ya kukumbuka Matengenezo ya Kanisa. Tusidhani kwamba atokaye ibadani kwenda kituoni amemwacha Mungu kanisani.

Walimu wa Injili, wafundisheni vijana mambo haya kabla hawajapokea barua za uwakala. Mwisho wa kazi wakala huletewa fomu ya matokeo atie sahihi. Ikiwa ni kweli, na atie, hata kama mgombea wake ameshindwa. Ikiwa si kweli, na aseme sababu zake waziwazi, bila matusi. Maana jina analoliandika pale ndilo aliloitwa alipobatizwa.